Bibi wa Nyamongo "aliyeoa": msicheke kabla hamjaelewa

Ukitaja Nyamongo, wilayani Tarime, wengi wanawaza mgodi, dhahabu na vurugu. Wachache wanawakumbuka bibi zetu waliokuwepo kabla ya hayo yote, enzi utajiri ulipohesabiwa kwa ng'ombe.

Mchukulie bibi mmoja wa kizazi cha miaka ya 1940. Jina si muhimu, maana wa aina yake ni wengi, na wajukuu zao leo wako Musoma, Mwanza na Dar. Alizaliwa enzi za Mwingereza, akaolewa kwa ng'ombe, akalima mtama, ulezi na muhogo. Miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikamkuta na jembe mkononi.

Shida ilianza mume alipofariki, maana kwenye boma hakukuwa na mtoto wa kiume. Kwa mila ya Wakurya, ardhi na mifugo hufuata upande wa wanaume. Mjane asiye na mrithi anaweza kushuhudia ndugu wa mume wakigawana kila kitu huku yeye yupo hai.

Ndipo bibi akatoa ng'ombe, akaleta binti nyumbani. Huo utaratibu unaitwa nyumba ntobhu. Zikisambaa habari zake mtandaoni, watu wanacheka: "Mwanamke kaoa mwanamke!" Lakini haihusiani na mapenzi kati ya hao wawili. Binti anazaa na mwanaume, watoto wanahesabiwa wa nyumba ya bibi, na boma linapata wa kulirithi. Wanandi na Wakisii wa Kenya nao wana desturi ya aina hiyo. Kwa mjane aliyebanwa na mila, hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kujiokoa humo humo ndani ya mila.

Tusiipambe sana lakini. Kuna mabinti walioingizwa huko wakiwa wadogo, kwa sababu tu baba alihitaji ng'ombe. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanaume na mwanamke. Mambo yakiharibika, binti wa nyumba ntobhu hana ndoa ya kwenda kuidai mahakamani. Bibi alipona, ila gharama wakati mwingine aliilipa msichana wa watu.

Halafu ukaja mgodi mkubwa. North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Pale pale ambapo watu walikuwa wakichimba wenyewe kwa sururu, pakawekwa uzio. Vijana wakaanza kuingia kutafuta mawe yenye dhahabu. Mei 16, 2011, watu watano waliuawa kwa risasi za polisi mgodini hapo.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya huyo bibi. Alitoa ng'ombe wake wote ili apate mjukuu wa kulinda boma na kumzika siku ikifika. Kila usiku kijana anapochelewa kurudi, anakaa macho akiogopa kwamba yeye ndiye atakayemzika mjukuu.

Bibi wa kizazi hicho wanaondoka mmoja mmoja. Kama wako bado yupo, mpigie leo. Muulize mahari yake ilikuwa ng'ombe wangapi, na boma lilisalimikaje. Huenda jina la ukoo unalotumia kwenye akaunti yako lipo kwa sababu kuna mwanamke aliyekataa lifutike.