Anga la Ufipa na mawimbi ya mwanga

Mji wa Sumbawanga, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa mkoani Rukwa, uko nyuzi 8 hivi kusini mwa ikweta, katika kimo cha takriban mita 1,800. Kiangazi kuanzia Mei hadi Oktoba mawingu ni machache; kinachoudhi ni moshi wa nyasi zinazochomwa, ambao hufifisha nyota zilizo karibu na upeo wa macho.

Eneo la anga lenye mengi ya kutazama hupita karibu na utosi katikati ya Oktoba, kama saa nne usiku. Nyota nyeupe inayong'aa peke yake ni Fumu al Hutu, ambayo kimataifa huandikwa Fomalhaut, umbali wa miaka ya nuru 25. Kwa macho ni nukta tu. Mwaka 1983 satelaiti ya IRAS ilipokea kwake infraredi (mwanga wa joto usioonekana kwa macho) nyingi kuliko nyota ya aina hiyo inavyoweza kutoa: lilikuwa vumbi linaloizunguka, lililopashwa joto na nyota yenyewe. Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba darubini ya Hubble imepiga picha ya sayari hapo kwa mwanga wa kawaida. Lakini sayari kubwa na changa hutoa joto, na katika infraredi nukta ile iliyodhaniwa kuwa sayari haikuonekana kamwe. Baadaye ilififia na kutawanyika, kama wingu la vumbi lililotokana na mgongano. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ilionyesha mikanda mitatu ya vumbi.

Nyuzi 11 hivi kaskazini-magharibi ya nyota hiyo, katika kundinyota la Dalu, iko Nebula ya Heliksi. Ni gesi iliyotemwa na nyota iliyokuwa ikifa, umbali wa takriban miaka ya nuru 650, na huhitaji darubini ya macho mawili na usiku usio na mwezi. Katikati kimebaki kibete cheupe, kiini cha nyota hiyo. Mwaka 2007 darubini ya Spitzer iligundua vumbi kandokando yake, labda mabaki ya vimondomkia vilivyogongana. Eksirei zake nazo zimezua dhana kwamba kiliwahi kurarua sayari.

Vipimo hivyo havingefanyika Ufipa. Mvuke wa maji hewani humeza sehemu kubwa ya infraredi, na eksirei za angani hazifiki ardhini hata juu ya mlima mrefu kiasi gani. Ndiyo maana Uhuru, satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa astronomia ya eksirei, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Katika kundinyota la Kantarusi, linaloonekana vizuri Sumbawanga jioni za Mei, ilikuta chanzo cha eksirei, Centaurus X-3, kikidunda kila sekunde 4.8: nyota ya nutroni, kiini cha nyota kubwa iliyokufa, ikinyonya gesi ya nyota mwenzake. Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339.