Akaunti ya benki Ujerumani: Mgeni akikataliwa afanye nini?

MGENI anayeingia Ujerumani kwa viza ya muda mrefu, awe mwanafunzi, muuguzi au fundi, hutambua mapema kwamba bila akaunti ya benki mambo yake hayaendi. Mshahara, pango la nyumba na bima ya afya hupitia benki, na huduma za fedha kwa simu walizozizoea wakazi wa Nairobi na Dar es Salaam hazichukui nafasi hiyo.

Suala hili limezidi kuwagusa watu wa Afrika Mashariki tangu Septemba 2024, pale Kenya na Ujerumani zilipotiliana saini mjini Berlin makubaliano ya uhamiaji na ajira.

Ugumu wake ni wa mzunguko. Benki huuliza anuani, na anuani haipatikani kabla ya nyumba. Mwenye nyumba naye humtaka mpangaji mwenye akaunti ya kulipia pango. Anayetaka kuukata mzunguko huo hana budi kuanza na usajili wa makazi.

Sheria inamtaka kila anayehamia katika nyumba ajisajili kwenye ofisi ya wakazi ya mji husika ndani ya wiki mbili. Hutakiwa kwenda na pasipoti pamoja na hati iliyotiwa saini na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba amehamia hapo. Cheti anachopewa huitwa Meldebescheinigung, na ndicho benki nyingi hukiomba pamoja na pasipoti na viza au kibali cha ukaazi.

Baada ya usajili, namba ya mlipakodi hutumwa kwa posta. Ni muhimu jina la mgeni liwe limeandikwa kwenye sanduku la barua la nyumba anayoishi, kwani bila jina hilo barua huweza kurudishwa ilikotoka. Kadi ya benki na namba yake ya siri nazo kwa kawaida huja kwa posta.

Kwa upande wa wanafunzi, kuna jambo la kutofautisha. Ubalozi huweza kuwataka waonyeshe fedha za kujikimu katika akaunti iliyozuiwa, yaani Sperrkonto, ambayo hufunguliwa kabla ya safari. Kuanzia Septemba 2024 kiwango kilichowekwa ni euro 11,904 kwa mwaka, sawa na euro 992 kwa mwezi, na inafaa kuuliza ubalozini kama kimebadilika. Hata hivyo, akaunti hiyo haitoshi peke yake, kwani fedha hutolewa kidogo kidogo kila mwezi na kupelekwa katika akaunti ya kawaida ambayo mwanafunzi hana budi kuifungua pia.

Baadhi ya benki za mtandaoni huthibitisha utambulisho wa mteja kwa njia ya video, lakini si kila pasipoti hukubaliwa kwa njia hiyo. Anayekwama hapo aende katika tawi la benki lenye wahudumu, akiwa na hati zake halisi na si nakala. Vilevile ataulizwa ni nchi gani anakolipa kodi, kwa kuwa benki zina wajibu wa kukusanya taarifa hizo.

Inawezekana akatimiza yote haya na bado akaambiwa kwamba benki haipokei wateja wa aina yake. Hapo ndipo sheria iliyoanza kutumika Juni 2016, kwa kufuata agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2014, inapomsaidia. Sheria hiyo inampa kila mtu anayeishi kihalali katika Umoja wa Ulaya haki ya kupata akaunti ya msingi, Basiskonto, wakiwamo waomba hifadhi na wasio na makazi ya kudumu, mradi waonyeshe anuani ya kupokelea barua.

Akaunti hiyo humwezesha mteja kuweka na kutoa fedha, kupokea mshahara, kulipa kwa kadi na kuruhusu makato ya moja kwa moja. Benki hailazimiki kumruhusu mteja kutoa zaidi ya salio lake. Ada hutozwa, lakini sheria inataka iwe ya wastani, na mwaka 2020 mahakama kuu ya shirikisho ilibatilisha ada ya euro 8.99 kwa mwezi iliyotozwa na benki moja.

Benki ikishapokea maombi yaliyokamilika, ina siku 10 za kazi kutoa jibu. Inaweza kukataa kwa sababu chache tu zilizotajwa na sheria, kwa mfano ikiwa mwombaji tayari ana akaunti inayotumika nchini humo, au ikiwa kuifungua kungevunja sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha haramu. Kutokuwa na historia ya mikopo si miongoni mwa sababu hizo.

Benki ikikataa, inapaswa kutoa jibu kwa maandishi na kueleza sababu. Mwombaji anaweza kulifikisha jibu hilo kwa BaFin, mamlaka inayosimamia benki, ambayo ina uwezo wa kuiamuru benki ifungue akaunti. Kwa sababu hiyo, mgeni ajaze fomu rasmi ya Basiskonto, aombe uthibitisho wa tarehe aliyoiwasilisha na abaki na nakala yake. Anayeondoka kaunta na jibu la mdomo pekee hana cha kuionyesha mamlaka hiyo.

Wakati akisubiri, mwenye akaunti katika nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya anaweza kuitumia, kwani kanuni za umoja huo zinamzuia mwajiri kukataa kulipa mshahara wa euro katika akaunti kwa sababu tu ipo nchi nyingine mwanachama.