Kutoka "Mbube" hadi Dakawa: Neno na Maana yake katika Uimbaji wa Makundi ya Sauti

Duwopu ni mtindo wa uimbaji wa makundi uliokomaa katika miji ya Marekani, hasa New York, Baltimore, Philadelphia na Chicago, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waasisi wake walikuwa vijana Weusi ambao wengi wao hawakuwa na uwezo wa kununua vyombo vya muziki, hivyo wakaimba barabarani na kwenye ngazi za majengo, mmoja akiongoza kwa sauti ya juu, wengine wakimwitikia kwa sauti za kati na mmoja akishikilia besi, huku silabi zisizo na maana zikijaza nafasi ambayo katika bendi hujazwa na gitaa au tarumbeta. Jina la mtindo huo limetokana na silabi hizo. Makala hii inalichunguza kundi moja la duwopu, The Tokens la Brooklyn, na inatetea hoja kwamba wimbo uliolipa kundi hilo umaarufu ulibeba neno la Kibantu lililovuliwa maana yake, na kwamba hasara iliyotokana na jambo hilo inaeleweka vyema ukitazama mahali ambapo uimbaji wa aina hiyo uliendelea kuwa na maana kamili, yaani Dakawa mkoani Morogoro.

The Tokens lilianza mwaka 1955 miongoni mwa wanafunzi wa shule ya sekondari ya Abraham Lincoln, likiitwa The Linc-Tones, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Neil Sedaka, ambaye baadaye alijitoa akawa mwimbaji mashuhuri kwa jina lake mwenyewe. Jay Siegel alijiunga mwaka 1956, na ndugu wawili, Mitch na Phil Margo, waliingia karibu na mwaka 1960. Mwaka 1961 kundi hilo la vijana wa Kizungu lilirekodi "The Lion Sleeps Tonight", na mwezi Desemba wimbo huo ukashika nafasi ya kwanza katika orodha ya jarida la Billboard. Zaidi ya hapo kundi hilo halihitaji maelezo marefu, kwa kuwa kilicho kikubwa katika historia yake kilikwishafanyika Johannesburg miaka 22 kabla.

Solomon Linda, mzaliwa wa Natal, alikuwa Mzulu aliyekwenda Johannesburg kutafuta kazi mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kwa muda alifanya kazi ya kufungasha santuri katika kampuni ya Gallo. Kundi lake, Evening Birds, lilitokana na utamaduni wa wafanyakazi wahamiaji walioishi katika mabweni ya wanaume na kushindana kwa kuimba usiku wa mwisho wa wiki, wakiwa wamevaa suti na kofia. Mchango wa Linda katika mpangilio wa sauti ulikuwa mkubwa. Yeye mwenyewe aliimba juu kabisa, kwa sauti nyembamba ya kichwani, huku mwimbaji mmoja akishika sauti ya pili na mwingine ya tatu, lakini sauti ya nne aliipa watu watatu. Yeyote aliyewahi kusimama katika kwaya ya Tanzania anajua besi tatu nyuma ya sauti mbili za kati zinafanya nini: wimbo unapata sakafu, na kiongozi anapata uhuru wa kupaa bila kuogopa kwamba chini patapwaya. Mwaka 1939 waliurekodi wimbo wa "Mbube", maana yake "Simba", na santuri hiyo ikauzika sana kusini mwa Afrika. Linda aliuza haki zake kwa takriban shilingi 10.

Santuri hiyo ilivuka bahari ikamfikia Pete Seeger, mwimbaji wa kundi la The Weavers, ambaye alisikia kiitikio cha besi na kuandika "Wimoweh". Neno lililoimbwa lilikuwa "uyimbube". Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji mkalimani mbele ya neno hilo, kwani kiambishi cha mwanzo, "u", ni kilekile kinachosikika katika "wewe u simba", na hiyo ndiyo maana yake: ni tamko kamili la sifa, lenye mtendewa na hukumu. Katika sikio la New York tamko hilo liligeuka kuwa silabi tupu, na lilipofika mikononi mwa The Tokens lilikaa barabara katika nafasi ambayo duwopu huitengea silabi zisizo na maana. Hapa ndipo ulipo uzito wa suala la umiliki. Kuliondoa jina la mtunzi lilikuwa kosa la kibiashara ambalo sheria ingeweza kulirekebisha, na kwa kiasi fulani ililirekebisha: Linda alifariki akiwa maskini mwaka 1962, lakini kesi iliyofunguliwa mwaka 2004 dhidi ya kampuni ya Disney, ambayo iliutumia wimbo huo katika filamu ya The Lion King, ilimalizika kwa maafikiano mwaka 2006, na familia yake ikapata malipo. Neno lililopotezwa maana halina mahakama.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kudai kwamba njia hiyo ilikuwa ya upande mmoja. The Manhattan Brothers, kundi la waimbaji wanne wa Johannesburg lililoanza katika miaka ya 1930, lilijifunza kwa makundi ya Wamarekani Weusi kama Mills Brothers na Ink Spots, likaimba kwa Kizulu, Kixhosa na Kisotho, na katika miaka ya 1950 likamkaribisha Miriam Makeba alipokuwa bado kijana. Tofauti ni kwamba walipoazima mtindo waliujaza maneno yao wenyewe.

Uimbaji wenye maneno yake wenyewe ulifika Tanzania pia. Baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto ya Juni 1976, vijana wengi walikimbilia nje ya Afrika Kusini, na serikali ya Tanzania ikakipa chama cha ukombozi cha nchi hiyo, ANC, eneo la Mazimbu, palipokuwa shamba la mkonge, ambapo Chuo cha Solomon Mahlangu kilianzishwa. Mwaka 1982 iliongezwa ardhi ya Dakawa, kwenye barabara ya Dodoma jirani na Mto Wami, iwe makazi, mahali pa kuwapokea wageni wapya na kituo cha mafunzo ya ufundi. Waliofika huko walizungumza lugha tofauti na walikuja na vitu vichache, lakini walikuwa na kwaya. Nyimbo za ukombozi zilizoimbwa uhamishoni zilifuata mpangilio uleule wa kiongozi, waitikiaji na besi, na mmoja wa watunzi wake wakuu, Vuyisile Mini, aliyenyongwa Pretoria mwaka 1964, alisifika kwa besi yake nzito. Katika nyimbo hizo kiitikio hakikuwa pambo. Ndicho kilichobeba ujumbe, na asiyekielewa alifundishwa.

Zaidi ya hayo, wakimbizi hao walikuta kwa wenyeji wao wa Morogoro sauti waliyoijua. Wimbo wa Enoch Sontonga wa mwaka 1897, uliokuwa wimbo wa ANC, ndio uliotoa sauti ya "Mungu Ibariki Afrika", ambao Tanganyika iliuchukua kuwa wimbo wake wa taifa ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Ni mwezi uleule ambao The Tokens walipanda hadi nafasi ya kwanza. Nyimbo mbili za Afrika Kusini zilikuwa safarini kwa wakati mmoja: moja ilitafsiriwa, ikabaki dua ileile katika lugha nyingine, na ya pili ilinakiliwa kwa sikio lisilouliza, ikabaki mlio. Mtoto wa Dakawa aliyeimba wimbo wa taifa gwaridani na kijana wa Soweto aliyeimba wimbo wa chama chake mkutanini waliomba jambo moja, kila mmoja akijua anachokiomba.

Mazimbu na Dakawa zilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mwaka 1992. Mazimbu ikawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na majengo ya Dakawa yakaendelea kutumika kwa elimu. Majengo yanatunzika kwa rangi na bati. Nyimbo zinatunzwa na watu, na wakazi waliokuwa watoto pale miaka ya 1980, waliocheza na kuimba pamoja na wageni wao, sasa ni watu wazima wa makamo. Watafiti wa muziki na wa lugha za Kibantu wanaombwa wafike Dakawa na vinasa sauti wakati watu hao wangali wanakumbuka, waandike kila kiitikio kwa tahajia ya lugha yake, na wamuulize kila mwimbaji maana yake kabla ya kukinakili.