Kuku wa Uani na Sheria za Mji: Tororo na Busia



Ndugu zetu wazazi nanyi wanafunzi, katika nyumba nyingi za Tororo, na za Busia zote mbili, kuku ndiye benki ya mama. Mtoto akiugua usiku, asubuhi jogoo anauzwa. Mgeni akija, Mluhya asiyemchinjia ingokho huona amemvunjia heshima. Kumbe kwa miaka mingi sheria za miji yetu zilimtazama kuku huyu kama uchafu. Ilikuwaje?

Tuanze na mpaka. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza waliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda wa wakati huo, wakautia katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya mwaka 1920. Tororo ikabaki Uganda, na Busia iliyokua juu ya mstari ikawa na pande mbili. Mwaka 1903 pande zote mbili zilipata sheria za miji, na watawala wakapewa uwezo wa kuamua nani ajenge wapi na mnyama gani akae wapi.

Sheria hizo zilizaliwa katika hofu ya maradhi. Mwaka 1902 tauni iliingia Nairobi, na bazaa ya Wahindi ikachomwa moto kwa amri ya serikali. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kutoka Uingereza kukagua usafi wa Afrika Mashariki, akashauri mitaa itengwe kwa rangi za watu. Tuwe waadilifu: tauni ilikuwa ya kweli na iliua. Lakini kosa la panya alihukumiwa nalo kuku pia. Katika fikra ya watawala, mji ulikuwa wa ofisi, maduka na bustani za maua. Kulima na kufuga vilikuwa kazi za kijijini, na Mwafrika mjini alikuwa mpita njia tu.

Uhuru ulipokuja, Uganda 1962 na Kenya 1963, bendera zilibadilika, vitabu vya sheria vikabaki kabatini vilevile. Kwa upande wa Kenya, Sheria ya Serikali za Mitaa iliyapa mabaraza uwezo wa kutunga kanuni ndogo za kuzuia au kudhibiti ufugaji, na mwenye kuku akawa mtu wa kumchungulia askari wa kanjo. Watu waliendelea kufuga. Utafiti wa 1985 katika miji sita ya Kenya, Kakamega ikiwemo, ulikuta asilimia 17 ya kaya zikifuga mifugo mjini. Uganda ndiyo ilizidi. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, maduka yalikauka, magendo yakashamiri hapa mpakani, na mfanyakazi wa mshahara alijikuta akila alichopanda na kufuga uani. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990, watafiti walikadiria kuwa karibu asilimia 70 ya kuku na mayai yaliyoliwa Kampala yalitoka ndani ya Kampala yenyewe. Mji mzima ulikuwa ukila kitu ambacho kanuni zake hazikukitaka!

Mwishowe sheria ndiyo iliyosalimu amri. Mwaka 2006 Kampala ilichapisha kanuni mpya za kilimo na mifugo mjini, zilizoruhusu kufuga kwa kibali. Kenya, Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti masuala ya mifugo na udhibiti wa wanyama, na Nairobi ikatunga sheria yake ya kilimo cha mjini mwaka 2015.

Kwetu Waislamu swali hili lilikuwa na jibu la zamani. Katika Suratul Anbiyaa tunasimuliwa hukumu ya Nabii Daud na Nabii Sulaiman (a.s.) juu ya kondoo walioingia shamba la watu usiku. Na ngamia wa Al-Baraa bin Aazib (r.a.) alipoharibu bustani, Mtume (s.a.w.) aliamua kuwa mchana mwenye bustani ailinde, na usiku mwenye mnyama abebe hasara. Hakukatazwa kufuga, ilitazamwa dhara imempata nani na nani alizembea. Hata usafi haukusahauliwa: Ibn Umar (r.a.) alikuwa akimfungia siku tatu kuku aliyekula najisi kabla ya kumla. Wenye kuku wanaozurura kwenye mitaro ya mji wazingatie hilo.

Lakini maradhi nayo hayaondoki kwa sheria kulegea. Januari 2017 homa ya mafua ya ndege iligunduliwa Uganda, kwanza kwa ndege wa porini kando ya Ziwa Viktoria. Mwezi huohuo Kenya ilipiga marufuku kuku wa Uganda. Hapa Busia maana yake ilikuwa kwamba tenga la kuku lililozoea kuvuka kwa baiskeli ya bodaboda (na jina hilo la bodaboda lilizaliwa mpakani hapa) likawa haramu kiserikali kwa hatua chache tu za ardhi. Jamaa mmoja, misikiti jirani, kuku wa ukoo mmoja, na sheria mbili.

Anayetaka kujenga banda basi aanze kwa kuuliza mambo mawili: kwa jirani wa ukuta wake, kisha kwa afisa wa mifugo wa upande anaoishi, manispaa kwa Uganda, kaunti kwa Kenya. Jibu la upande mmoja halivuki mpaka.

Wallahu aalam.