OpenADR

OpenADR ni itifaki ya mawasiliano inayoliwezesha shirika la umeme kupeleka taarifa ya bei au ya upungufu hadi kwenye mitambo ya mteja, nayo mitambo ikapunguza matumizi yenyewe. Ilianza kubuniwa mwaka 2002 katika Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley, California, Marekani.

Chimbuko

Kati ya 2000 na 2001 California, jimbo lenye utajiri wa kuzishinda nchi nyingi, ilionja mgawo wa umeme. Bei ya jumla ilipaa kupindukia, kwa sehemu kutokana na hila za wafanyabiashara wa nishati, Enron wakiwemo. Bei waliyotozwa wateja wengi, hata hivyo, ilikuwa imegandishwa kisheria, hivyo hawakuona sababu ya kuzima chochote. Aprili 2001 kampuni ya Pacific Gas and Electric ilikimbilia mahakamani kuomba kinga ya mufilisi.

Mipango ya kupunguza matumizi ilikuwepo, ila iliendeshwa kwa simu na faksi. Msimamizi wa jengo alipopata habari alikwenda kuzima taa na viyoyozi kwa mkono. Akiwa likizo, umeme uliliwa kama kawaida.

Watafiti wa Berkeley, wakiongozwa na Mary Ann Piette, walimwondoa mtu huyo katikati. Mwaka 2003 walirusha bei ya kubuni kupitia intaneti hadi maeneo 5, ikiwemo maktaba ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, na duka la Albertsons mjini Oakland. Dukani hapo, bei ilipopanda, baadhi ya taa za darini zilizimika, pamoja na hita zinazozuia milango ya majokofu kutoa jasho.

Utendaji

Seva ya shirika hutangaza tukio: linaanza lini, litadumu muda gani, bei au kiwango chake. Kifaa cha mteja huisoma taarifa hiyo na kutekeleza mpango uliokwisha wekwa, kwa mfano kupandisha kipimo cha kiyoyozi nyuzi chache. Hii si amri. Mteja ndiye anayepanga kitakachozimwa, na anaweza kukataa kushiriki hata siku yenyewe. Hapo ndipo ubora wa itifaki hii ulipo.

Matoleo

Toleo 1.0 lilichapishwa 2009. Muungano wa kuisimamia itifaki uliundwa 2010. Toleo 2.0b la 2013 likawa kiwango cha kimataifa, IEC 62746-10-1, mwaka 2018. Toleo 3.0, jepesi zaidi, lilitoka 2023.

Hali ya sasa

Tarehe 6 Septemba 2022 mahitaji kwenye gridi ya California yalifikia rekodi ya megawati 52,061. Saa 11:45 jioni serikali ilituma ujumbe wa dharura kwenye simu za mamilioni ya wakazi, na mahitaji yakashuka kwa zaidi ya megawati 1,000 ndani ya dakika chache. Ajabu ni kwamba walioitikia ujumbe huo walikuwa watu, kwa vidole vyao, si mitambo yenyewe kama OpenADR inavyokusudia.

Nchini Kenya, nafuu ya bei kwa viwanda vinavyozalisha usiku ilianza Desemba 2017. Nafuu hiyo hufuata saa tu, si hali ya gridi kama taarifa za OpenADR.