Suti, Tai na Mabango Mbele ya Ikulu

Juni ikifika, kampuni nyingi za Marekani hupaka nembo zao rangi za upinde wa mvua, na wafanyakazi huandamana kwenye sherehe za Pride wakiwa na fulana za mwajiri. Katika miaka ya 1950, mfanyakazi aliyejulikana kuwa shoga alisubiri barua moja tu: ya kufukuzwa.

Tarehe 27 Aprili 1953 Rais Eisenhower alitia saini amri namba 10450, iliyotaja “upotovu wa kijinsia” miongoni mwa mambo yanayomfanya mtumishi wa serikali awe hatari kwa usalama. Ilidaiwa kwamba mwenye siri ni rahisi kutishwa na majasusi. Hoja ya ajabu, maana aliyewalazimisha kuficha siri hiyo ni serikali hiyohiyo iliyokuwa ikiwafukuza. Maelfu walipoteza kazi, na wengi waliondoka kimyakimya wakiogopa aibu.

Frank Kameny hakuondoka kimya. Alikuwa mwanafalaki mwenye shahada ya uzamivu ya Harvard, askari wa zamani wa Vita Kuu ya Pili, mwajiriwa wa idara ya ramani ya jeshi. Mwaka 1957 kibarua chake kikaota nyasi, kisha akazuiwa kabisa kuajiriwa serikalini. Alishtaki, akashindwa ngazi baada ya ngazi, na mwaka 1961 Mahakama ya Juu, aliyoiandikia ombi lake mwenyewe, ikakataa kumsikiliza. Mwaka huohuo alishiriki kuanzisha Mattachine Society ya Washington, kikundi cha kutetea haki za mashoga.

Aprili 1965 kikundi chao kidogo kilisimama na mabango mbele ya Ikulu ya White House. Kameny aliweka masharti ya mavazi: wanaume suti na tai, wanawake magauni. Anayedai kazi, aliamini, lazima aonekane mtu wa kuajirika. Vijana waliofuata baada ya ghasia za mashoga dhidi ya polisi kwenye baa ya Stonewall mwaka 1969 waliona huo ni woga. Mimi naona ulikuwa ujanja wa mtu aliyewajua vizuri maofisa waliomfukuza. Juni 1965 wakaifuata Tume ya Utumishi wa Umma, iliyokuwa mlango wenyewe wa ajira.

Tume ililegeza kamba mwaka 1975: ushoga peke yake haukuwa tena sababu ya kumnyima mtu kazi katika utumishi wa kiraia wa serikali kuu. Mwaka 2009 John Berry, mkurugenzi wa ofisi iliyorithi kazi za Tume hiyo, naye akiwa shoga asiyejificha, alimkabidhi Kameny barua rasmi ya kuomba radhi. Mzee aliipokea na kusamehe palepale. Alifariki Oktoba 2011.

Wafanyakazi wa kampuni binafsi na wa serikali za mitaa walisubiri zaidi. Gerald Bostock alifukuzwa na kaunti moja ya Georgia muda mfupi baada ya kujiunga na ligi ya softiboli ya mashoga. Kesi yake iliunganishwa na nyingine mbili za waajiri binafsi, na tarehe 15 Juni 2020 Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura 6 dhidi ya 3, kwamba Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza kumfukuza mtu kwa kuwa shoga au kwa kubadili jinsia. Mmoja wa wadai watatu, Aimee Stephens, aliyefukuzwa na kampuni ya mazishi huko Michigan, alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla.