Mwanafunzi na Mwalimu katika Kiangazi cha Toronto, 1921

Ni ada ya vyuo vikuu vya Amerika ya Kaskazini kwamba likizo ya kiangazi ifikapo, baadhi ya wanafunzi wa sayansi hawarudi makwao. Hubaki maabarani chini ya uongozi wa mwalimu mmoja, wakachunguza jambo ambalo jawabu lake halimo katika kitabu chochote. Siku hizi ada hii ina ofisi zake na fungu lake la fedha: chuo cha Massachusetts Institute of Technology kiliifanyia mpango maalumu mwaka wa 1969 chini ya Margaret MacVicar, na mwaka wa 1987 National Science Foundation ya Marekani ikaanzisha mpango wa kuigharimia katika vyuo vingi. Walakini kazi yenyewe ni kongwe kuliko mipango hiyo. Tena ni vigumu kutaja kiangazi kilichozaa tunda kubwa kuliko kile cha Toronto, nchini Kanada, mwaka wa 1921. Wala kilichoacha nyuma yake ugomvi mkubwa zaidi juu ya nani mwenye tunda hilo.

Katika siku hizo mtoto aliyeshikwa na kisukari kikali alikuwa amekwisha kuhukumiwa. Waganga walichoweza ni kumpunguzia chakula hata akabaki mifupa na ngozi, ili siku zake zirefushwe kidogo. Wataalamu walijua ugonjwa unatoka wapi: mwaka wa 1889, mjini Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, naye akapata kisukari. Basi ilidhaniwa kuwa ndani ya kongosho, katika vifungu vya chembe viitwavyo visiwa vya Langerhans, hutoka kitu kinachotawala sukari ya mwili. Wengi walijaribu kukikamua kitu hicho wakashindwa.

Mwishoni mwa Oktoba 1920, daktari mpasuaji kijana, Frederick Banting, aliyekuwa akifanya kazi mjini London katika jimbo la Ontario, alisoma makala juu ya kongosho akapata wazo. Aliona kwamba mirija ya kongosho ikifungwa, sehemu inayotoa maji ya kusaga chakula itanyauka, na visiwa vitasalia. Hapo ndipo kitu kile kitakapoweza kupatikana pasipo kuharibiwa. Alikwenda na wazo lake kwa Profesa J. J. R. Macleod wa Chuo Kikuu cha Toronto, Mskoti aliyebobea katika elimu ya sukari ya mwili. Profesa hakuvutiwa sana, kwa kuwa mgeni wake hakuwa mtafiti wala hakuyajua yaliyoandikwa na waliomtangulia. Hata hivyo hakumfukuza. Alimpa chumba, mbwa wachache, na mwanafunzi.

Mwanafunzi huyo alikuwa Charles Best, mwenye umri wa miaka 22, ambaye ndiyo kwanza amalize mitihani ya digrii yake ya kwanza. Macleod alikuwa na wasaidizi wawili wa namna hiyo, Best na mwenzake Clark Noble, na inasimuliwa kwamba walirusha sarafu ili kuamua nani atangulie. Sarafu ikamwangukia Best. Ilikusudiwa wapokezane katikati ya kiangazi, lakini zamu ya Noble haikufika. Kwa mapatano yao Best aliendelea, kwani alikuwa amekwisha kuizoea kazi.

Kazi ilianza tarehe 17 Mei. Macleod mwenyewe alisimama nao katika upasuaji wa kwanza, akawaonyesha njia, na katikati ya Juni akasafiri kwenda Uskoti. Wawili hao walibaki katika chumba chenye joto, kila mmoja akiwa na ujuzi ambao mwenzake hana: Banting alijua kisu, Best alijua kupima sukari katika damu chache. Mwanzo ulikuwa mbaya. Mbwa wengi walikufa, na Julai walipowafungua waliosalia, waliona mirija kadhaa haikufungwa barabara, ikawapasa kuanza tena. Banting, asiyekuwa na mshahara wa chuo, aliuza gari lake. Inasimuliwa pia kwamba alimkemea Best vikali kwa vipimo vilivyofanywa kwa uzembe, na kijana akafanya kazi usiku kucha kuvisahihisha. Tangu hapo hapakuwa na uzembe tena.

Tarehe 30 Julai walimdunga mbwa nambari 410 maji waliyoyakamua. Katika muda wa saa moja sukari ya damu yake ilishuka kutoka asilimia 0.20 hadi 0.12. Mbwa huyo hakuishi, lakini katika Agosti wengine walionyesha dalili ile ile. Vijana walimwandikia profesa kwa furaha.

Jawabu la Macleod ndilo kiini cha habari hii. Aliwatia moyo, kisha akawataka warudie majaribio na kuweka majaribio ya kulinganisha, hata pasibaki mwanya wa mtu kusema kuwa sukari imeshuka kwa sababu nyingine. Aliporudi Septemba, Banting aliyachukua maswali hayo kuwa dharau; wakagombana juu ya mshahara, vifaa na msaidizi, hata Banting akatishia kuondoka. Macleod akakubali mengi aliyotakiwa. Walakini jambo moja hakulikubali: makala ya kwanza ya Banting na Best, iliyotoka Februari 1922, hakutaka iwe na jina lake, akisema kazi ile ilikuwa yao.

Shaka ya profesa haikuwa bure. Baadaye ilibainika kwamba kufunga mirija, lile wazo lililoanzisha yote, hakukuwa na haja. Dawa iliweza kukamuliwa katika kongosho zima la ng'ombe. Tena tarehe 11 Januari 1922, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa karibu kufa, alipodungwa maji yaliyotengenezwa na Best na Banting, faida yake ilikuwa ndogo na mahali pa sindano paliota jipu. Siku 12 baadaye alidungwa dawa iliyosafishwa na James Collip, mkemia aliyeingizwa kazini Desemba, na sukari yake ikashuka. Insulini ikawa imepatikana.

Mwaka wa 1923 Tuzo ya Nobel walipewa Banting na Macleod. Banting alikasirika, akamgawia Best nusu ya fedha zake. Macleod naye akamgawia Collip. Tangu hapo masimulizi yaliyopendwa na watu ni ya vijana wawili waliotoka jasho wakati mzee wao akipumzika kwao. Masimulizi hayo ni matamu, lakini ni nusu ya kweli. Profesa asiyemwamini mgeni alimpa chumba. Alipokuwa mbali aliuliza maswali ambayo waliokuwa karibu hawakutaka kuyasikia. Na kazi ilipozidi nguvu za wawili, Collip na ujuzi wake waliingizwa. Nusu ya pili ya kweli ni kwamba pasipo mikono ya Best, maswali ya Macleod yasingekuwa na kitu cha kuuliza. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wala si haki kusema Best alitumiwa kama chombo. Msaidizi anayeosha chupa hujifunza kuosha chupa. Best alikabidhiwa vipimo ambavyo maisha ya watu yangevitegemea, akakemewa alipokosea, na jina lake likaandikwa katika makala. Hayo matatu ndiyo malezi ya mtafiti, na upungufu wa moja huyaharibu mawili mengine: kazi ya kweli isiyosahihishwa huzaa kiburi, na kazi iliyosahihishwa bila kutajwa mwenyewe huzaa uchungu. Uchungu huo Best aliuonja pale jina lake lilipokosekana katika tuzo.

Macleod alirudi Aberdeen mwaka wa 1928, akafa mwaka wa 1935. Kiti chake cha uprofesa mjini Toronto alikirithi Charles Best mwaka wa 1929, akiwa kijana wa miaka 30. Aliyeangukiwa na sarafu akawa sasa ndiye anayewapa wanafunzi wengine chumba, na ndiye anayepaswa kuwauliza maswali wasiyopenda kuyasikia.